Glavu Nyeupe za Amos Trenoweth

Mwaka wa tatu tangu mwana wa mfalme ashike nchi kwa niaba ya baba yake mgonjwa, benchi la kahawa la Bi Prudence, mkabala na kanisa la Polwithen, lilikuwa na habari moja tu. Amos Trenoweth, fundi magurudumu, alikuwa ameposa. Huku kwetu, mwanamume mwenye haya humpelekea binti glavu. Akizivaa kanisani Jumapili, amekubali. Amos alimpelekea Hester Lugg, mshonaji, nyeupe pee. Jana Hester kaja kanisani mikono mitupu, macho mekundu, hata salamu hakumpa. Leo Amos kakaa tu, kahawa yake inapoa.

— Kesi iko wazi, ndugu yangu, akasema Silas, waliyemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja. Zimembana.

— Zimembana wapi? Mikono yenyewe kama ya mtoto, akadakia Barnaby, maarufu kama Pua. Hapo kuna mwanajeshi. Wale wa makoti mekundu si walipita juzi?

— Mwanajeshi angemchekesha. Yule alikuwa analia.

— Analia kwa sababu jamaa ana mke Ureno.

Wakabishana hivyo mpaka mwanajeshi akawa jenerali mwenye wake watatu. Amos alisikia nusu tu. Alikuwa akimpenda Hester mwaka wa nne sasa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba huenda alimuudhi.

Mara Hester mwenyewe akatokea, kavaa nyeusi tupu, glavu kazishika.

— Amos, nisamehe, jana nilishindwa hata kukutazama. Mazishi ni lini? Ni Letty, sivyo?

Letty alikuwa dada mdogo wa Amos, na kifua kilimlaza wiki nzima. Huku kwetu, akifa msichana asiyeolewa, waalikwa wa mazishi hupelekewa glavu nyeupe. Wakili akamtazama Pua. Pua akatazama viatu vyake.

— Letty mzima, yuko nyumbani anakanda unga, Amos akasema. Hakuna aliyekufa, Hester. Nilikuwa nakuposa.

Hester akajikalisha kati ya Wakili na Pua.

— Nimemlilia siku mbili, akasema. Kwani wewe mdomo huna?

— Ninao.

— Basi utumie.

Amos akasimama, akavua kofia, akaanza. Hakufika mbali, Hester alishasema ndiyo.