Historia ya Fundi Spoki na Gurudumu Ambalo Hakulivunja

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na wanachama wa chama cha pikipiki za zamani mliofika kutoka karibu na mbali, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Ile karatasi iliyochapwa na kamati ya mazishi, ambayo wengi wenu mmeishika, naomba mjipepee nayo maana jua ni kali, kwa sababu nitakayosoma ni hii niliyoiandika kwa mkono wangu, na mjane wa marehemu ameisikia yote kabla yenu. Nilipomaliza kumsomea aliniambia, "Soma hivyo hivyo, wifi, usiruke hata mstari." Kwa hiyo atakayekasirika leo asinikasirikie mimi peke yangu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi mwaka 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa mtunza stoo na mama aliyeuza mboga, mimi nikamfuata, na baada yangu mama akasema basi. Alikuwa mtoto mkimya, mkaidi, mwenye kupenda kufungua vitu ambavyo hakuna aliyemwomba afungue, na saa ya baba ya ukutani iliacha kufanya kazi mikononi mwake akiwa bado hajaanza shule, akapigwa, kisha akairekebisha, na baba akaitundika tena ukutani.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, kisha mwaka 1970 akajiunga na chuo cha ufundi alikosomea kazi ya chuma, akahitimu na kuajiriwa katika karakana ya kampuni ya ujenzi wa barabara. Huko ndiko alikokutana na mapenzi yake ya kwanza, na wifi yangu analijua hilo wala haoni wivu, yaani zile pikipiki ndefu za njia mbovu walizopewa wapimaji wa barabara, zenye matairi ya meno na magurudumu ya spoki, zilizokwenda kwenye tope na mawe na kurudi zimepinda rimu kila Ijumaa. Wenzake walikimbilia kwenye injini kwa sababu injini ndiyo yenye sifa, yeye akachagua magurudumu, akayanyoosha, akayasuka upya, spoki moja baada ya nyingine, mpaka wapimaji wakawa hawaondoki kituoni bila yeye kuyapitia, na hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Spoki, jina ambalo limeandikwa hata kwenye msalaba huu.

Tarehe 20 Agosti mwaka 1977 alifunga ndoa na huyu mjane mnayemwona hapa, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mshono ulionyooka, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na kijana wa kiume ambaye sasa ni mtu mzima na fundi wa magurudumu kama baba yake. Kampuni ilipoziuza zile pikipiki kama vyuma chakavu, marehemu alianza kuzifufua nyumbani, katika karakana aliyoijenga upande wa jikoni, na watu wenye kupenda vitu vya zamani wakaanza kumletea magurudumu kutoka miji ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Alikuwa na tabia ya kugonga kila spoki kwa kijiko cha chai na kusikiliza sauti yake, iliyolegea ikasikika nzito, iliyokazwa ikalia juu, naye hakuridhika mpaka zote zilie sauti moja, kwa hiyo kama jana usiku mlikoroga chai kwa mpini wa uma, msimlaumu mjane, vijiko vyote vya nyumba hii viko karakana.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa ninyi ambao hamjawahi kufungua gurudumu. Ndani ya rimu, chini ya mpira, huwekwa utepe wa kuzuia vichwa vya spoki visitoboe mpira, na mafundi wengi hununua utepe wa dukani wakauzungusha wakamaliza. Kaka yangu hakuununua hata mara moja. Utepe wa magurudumu yake ulikatwa na mkewe kutoka kwenye suruali kuukuu za kaki, ukashonwa mishono miwili sambamba kwa uzi mwekundu, kila gurudumu lililotoka mikononi mwa marehemu likiwa na kazi ya mkewe tumboni, na alikuwa akituambia kwamba gurudumu bila utepe wa mama watoto ni gurudumu lililotoka nyumbani bila kuaga.

Jambo la pili, marehemu hakuwahi kupeleka spoki kupakwa kromu, ule utando wa madini unaong'aa kama kioo. Chuma chembamba kama kile kikipakwa kromu halafu kisiokwe kwenye tanuri mara moja, hung'aa sana na kuwa kikavu ndani, kikakatika bila kutoa taarifa, na kila fundi wa magurudumu aliyepo hapa anaitikia kwa kichwa sasa hivi kwa sababu analijua hilo. Wateja walimbembeleza, wakamwambia pikipiki ya maonyesho lazima ing'ae, naye akawajibu kwamba spoki haiendi harusini, akawawekea mpya zenye rangi ya kijivu, na asiyetaka akachukua gurudumu lake akaenda zake.

Mwaka 1996 aliingia ushirika na kaka wa mkewe, shemeji yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mkurugenzi, yule pale safu ya mbele mwenye miwani nyeusi. Usiivue, shemeji, baki nayo. Yeye alikuwa na duka la vipuri na ulimi wa kuuza, marehemu alikuwa na mikono, wakapatana kwamba magurudumu yatengenezwe huku na yauzwe kule, na kwa miaka mingi mambo yakaenda vizuri, ingawa kwenye kibao cha duka jina la Mkurugenzi liliandikwa kubwa na la kaka yangu likaandikwa mahali ambapo mvua ilikuwa inalifuta.

Mwezi Juni mwaka 2010 marehemu alimaliza magurudumu mawili ya pikipiki ya kijani ya mwalimu wa michezo, dada mmoja aliyekuwa akishinda wanaume kwenye mashindano ya pikipiki za zamani, akayapeleka dukani yakiwa na spoki za kijivu na utepe wa kaki ndani, akapeana mkono na shemeji, akarudi nyumbani. Siku ya mashindano marehemu alikuwa amelala na homa. Mwalimu alishuka kilima kwa kasi, gurudumu la mbele likakatika spoki zake kwa pamoja, rimu ikakunjika, akarushwa kwenye mawe, na mguu wake wa kushoto haujapona mpaka leo. Yupo hapa, amekaa kule nyuma na fimbo yake, na kwa nini amekuja nitawaambia.

Kabla jua halijazama siku ile, Mkurugenzi alikuwa ameshasimama mbele ya wanachama na kusema, bila kupepesa macho, kwamba magurudumu ni ya Fundi Spoki, kwamba yeye ni muuzaji tu, kwamba mzee siku hizi haoni vizuri na ameanza kupeleka spoki kwenye kromu ili kupendeza watu. Marehemu aliposikia habari za kromu alitoka kitandani na homa yake, akaenda dukani kuomba alione gurudumu, akajibiwa kwamba limeshayeyushwa na watu wa vyuma chakavu. Chama kilimfuta uanachama, kikaishusha picha yake ukutani, wateja wakakata mguu, na kibao cha duka kikapakwa rangi upya bila jina lake. Mwanawe alipoomba kujiunga na chama miaka michache baadaye, alijibiwa kwamba mikono ile wanaijua ilikotoka. Mwenyekiti yupo, anisahihishe nikiwa natia chumvi.

Mtauliza kwa nini kaka yangu hakupiga kelele. Alipiga, kwa kiasi chake, lakini hakuwa na ushahidi, lilikuwa neno lake dhidi ya neno la mtu mwenye maneno mengi, na katikati yao alikuwapo mke aliyempenda, dada wa yule yule mtu, ambaye wakati ule alimlilia akisema, "Ni kaka yangu, hawezi." Marehemu alimeza. Aliendelea kunyoosha magurudumu ya baiskeli za wanafunzi na toroli za sokoni, na mimi niliyekuwa nikija Jumapili nilimwona akigonga spoki za toroli kwa kijiko, kwa uangalifu ule ule, nikaenda kulilia barabarani. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, na hasira hiyo sijaiweka chini hata leo.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali, akaruhusiwa, akarudishwa tena, na ilipofika mwezi uliopita madaktari walituambia tumtunze nyumbani. Ndipo mwalimu alipofika. Hakuja kumwona mgonjwa, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme hivyo. Lile gurudumu halikuyeyushwa, kaka yake mwalimu alilichukua uwanjani siku ile ile, na mwalimu akalitundika stoo miaka yote hiyo ili asisahau aliyemlemaza, na aliposikia Fundi Spoki anaondoka akalileta, akaliweka kitandani juu ya shuka, akamwambia, "Nimekuletea kazi yako, uiangalie kabla hujaenda."

Marehemu aliliangalia. Akaomba lifunguliwe, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa haina nguvu, mwanawe akalifungua mbele yetu sote, mimi, mjane, na mwalimu aliyekuwa bado amesimama kwa chuki. Spoki zilikuwa za kromu, na chini ya kromu mashimo ya kutu ya zamani yalionekana, maana hata hazikuwa spoki mpya alizoziweka marehemu, zilikuwa kuukuu zilizosuguliwa na kupambwa. Kisha mpira ukatoka, na ndani ya rimu hapakuwa na kaki wala uzi mwekundu, palikuwa na utepe mweusi wa kunata, ule unaouzwa duka moja tu mjini hapa, na jina la duka limechapwa mgongoni mwake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu alikuwa amelifungua gurudumu la kaka yangu, akatoa spoki nzuri, akaweka za kromu ili pikipiki ing'ae siku ya watu wengi, akasahau kwamba ndani kuna saini ya mwanamke.

Mjane aliuchomoa ule utepe taratibu, akausoma, akauzungusha mkononi. Marehemu alisema neno moja tu, "Hili silo langu," akalirudia akicheka na machozi yanamtoka, na mwalimu akakaa chini kwenye kiti cha mgonjwa, akamshika mkono, wala hakuondoka mpaka jioni. Kesho yake mjane alikwenda kwa kaka yake na ule utepe ndani ya pochi. Akaniambia baadaye kwamba Mkurugenzi aliutazama, hakuuliza umetoka wapi, akamwambia, "Dada, hayo yameshapita, na mzee mwenyewe ndiye huyo anaondoka." Wifi yangu alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani bila kushona chochote, na tangu siku hiyo hajamwita mtu yule kaka.

Marehemu alifariki dunia tarehe 2 mwezi huu, asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kufika, akajipa uenyekiti wa kamati, akachapa ile karatasi mnayojipepea nayo, ambayo inasema marehemu aliacha kazi ya pikipiki kwa sababu ya uzee. Kaka yangu hakuacha. Aliachishwa, kwa uongo, na aliyemwachisha amekuja kumzika kwa suti.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, ingawa aliwasumbua kwa kugonga vyuma vya kitanda. Nawashukuru majirani kwa viti, maji na usingizi mliokosa, na wale mafundi wachache ambao hawakuacha kupita kumjulia hali wakati jina lake lilikuwa halitamkiki. Mwenyekiti wa chama namshukuru kwa kufika, na ile picha aitafute ilipo, airudishe mwenyewe kwa mikono yake. Nakushukuru na wewe, shemeji, kwa turubai, likunjwe jioni uondoke nalo.

Kwenye ratiba imeandikwa kwamba jeneza litabebwa na watu sita, wa kwanza upande wa kulia akiwa Mkurugenzi. Nafasi hiyo ameichukua mwalimu, mkono mmoja una fimbo, mwingine ameniambia unamtosha Fundi. Shemeji, wewe una mzigo wako, uko juu ya meza pale mlangoni, ni lile gurudumu, limefunguliwa, na utepe wako umerudishwa ndani yake unaonekana. Utalibeba nyuma ya jeneza, polepole, mpaka kaburini, na ukiliacha, dada yako amesema atalibeba yeye, na kila atakayemwuliza ni la nani atamjibu.

Wewe pumzika kwa amani, kaka yangu. Yupo mmoja hapa ambaye hatapumzika.