Nyumba Hamsini na Mbili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, birika langu la kahawa, na ukuta wa nyumba yangu wa kuegemea. Kila jioni wanakaa watu walewale: Timazi, fundi ujenzi; Profesa, mlinzi wa ghala anayesoma magazeti ya mwezi uliopita; na Breki, dereva ambaye lori lake limelala gereji tangu mvua zianze. Wanakunywa kikombe kimoja kimoja kwa saa tatu. Jana mtoto wa dada yangu, aliye kwenye mazoezi ya ualimu, alirudi kutoka shule ya msingi akaketi pembeni na bahasha mapajani. Leo msimamizi wa chuo atakuja kumkagua akifundisha sanaa darasa la tatu. Mara ya kwanza alifeli. Akifeli tena anarudia mwaka, na mwaka huo ataulala kitandani kwangu, pamoja na mimi na kitindamimba wangu anayepiga mateke. Kwa hiyo nilimsikiliza vizuri.

— Mama mdogo, nimekwisha. Msimamizi anataka watoto wachore kwa uhuru. Nikafuta ubao, nikawaambia kila mtu achore nyumba anavyotaka. Ona sasa.

Akazimwaga karatasi kwenye benchi. Hamsini na mbili. Paa la pembetatu, bomba la moshi, madirisha mawili yenye msalaba, njia iliyopindapinda mpaka mlangoni, nusu jua kwenye kona. Zote.

— Wameibiana, alisema Breki. Ungewatenganisha.

— Niliwatenganisha, mjomba. Wengine niliwakalisha sakafuni.

— Basi ni penseli. Penseli za siku hizi zinatoka kiwandani zimeshazoea njia. Hata lori langu, kona ya sokoni lilikuwa linakata lenyewe.

— Ndiyo maana liko gereji, nilimwambia.

Profesa akakohoa, maana yake tunyamaze.

— Hapo hamna penseli. Kuna watu huko juu walikaa kikao, wakapitisha nyumba moja kwa watoto wote wa dunia. Ili wakikua, mtu asije akadai chumba cha ziada.

— Kikao gani hicho, Profesa?

— Ningekijua, kingekuwa cha siri?

Timazi alikuwa anatikisa kichwa muda wote.

— Mnamchosha binti wa watu bure. Nyumba ni kazi ya fundi. Mimi najenga mwaka wa ishirini na mbili huu. Lete chaki, mwalimu, nikuonyeshe nyumba.

Akapewa chaki. Akafumba jicho moja, akapima kwa dole gumba, akachora kwenye kipande cha boksi taratibu kama mtu anayelipwa kwa siku. Alipoinua mkono tukaona paa la pembetatu, bomba la moshi, madirisha mawili yenye msalaba.

— We Timazi, nilimuuliza, umewahi kujenga bomba la moshi?

— Hata moja.

— Na paa la hivi?

— Nani ana hela ya paa la hivi? Mimi naezeka mteremko mmoja, kwisha.

— Sasa hii ni nini?

— Hii... hii ni ya kuchora.

Wenzake walicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha wakamnyang'anya chaki. Breki akachora nyumba ileile kwenye kipande kingine, ila aliegesha lori pembeni. Profesa akachora ametupa mgongo ili tusimwibie. Jua lake lilikuwa linatabasamu. Mwalimu wetu naye akajaribu, akaishia kwenye bomba la moshi, akaiweka chaki chini. Mimi nilikataa. Nilisema nimeshika birika, lakini ukweli nilijua ningechora nini.

Hapo akapita mwanamke tusiyemjua, begi begani, godoro lililokunjwa kichwani.

— Habari za hapa, jamani. Natafuta chumba cha kupanga, alisema, akaviinamia vile vipande vya boksi. Hii nyumba naona nyote mnaijua. Iko wapi?

Timazi akaangalia dole gumba lake. Breki akaangalia lori lake la chaki. Profesa akaomba kahawa. Nikamwinamishia birika, halikutoka tone.

— Hapa kwetu nyumba ni kama ile, nilimwambia yule mgeni, nikanyoosha mkono nyuma ya migongo yao.

Wakageuka wote. Miaka tisa wanauegemea ule ukuta. Bati limekandamizwa na tairi, dirisha moja limezibwa kwa mbao, na kwenye kamba nguo zangu za ndani zinapepea.

Mwalimu akatoa ile fomu ya chuo anayojaza kila baada ya somo. Palipoandikwa "Nimejifunza nini?" akaandika: "Sikuwapa kitu cha kutazama."

— Mama mdogo, kesho kipindi cha pili nawaleta hapa. Wote hamsini na mbili. Wachore hii.

— Na msimamizi?

— Naye aje.

Timazi akauliza kama wa benchini nao watachorwa, na kama ni lazima waoge. Nilikuwa nimeshafika kwenye kamba, naanua nguo. Tairi nililiacha palepale, kwa sababu bila tairi lile bati linaruka.