Madawati Yanashushwa Wapi?

Kuna fumbo ambalo karani aliyebandikwa jina la Muhuri hakulifumbua hata baadaye: kwa nini miaka yote ya kugonga mihuri, tena amekaa kitini, alirudi nyumbani hoi kama mpasua mawe. Katika ofisi ya elimu kila karatasi ilipita mkononi mwake, na hata moja hakujua iliishia wapi. Kisha akaja mkuu mpya, mama wa maneno machache. “Madawati ya mwaka huu ni kazi yako,” alimwambia. “Katembelee shule, chagua, peleka. Nitasimama na uamuzi wako.” Leo lori lilikuwa njiani, naye Muhuri yuko kijiweni kwa Mama Kahawa, bado hajaamua.

— Mtego huo! — alisema Bunge, fundi cherehani asiyekubali kushindwa hoja. — Ukikosea, unatolewa kafara.

— Kwanza si kawaida, — akadakia Mstaafu, aliyekuwa dereva wa ofisi hiyo hiyo. — Mkuu wa zamani hata ufunguo wa choo alikaa nao mwenyewe.

— Choo kilikuwa kisafi basi? — akauliza Mama Kahawa.

— Nani alikiona?

Wakacheka. Bunge akanogewa.

— Nawaambia, yule mama anataka ofisi ijiendeshe, apate nafasi ya kushona nguo. Anataka kazi yangu mimi!

— Kunywa kahawa, Bunge, — akasema Mstaafu. — Muhuri mdogo wangu, mpigie mkuu umuulize: shule ya sokoni au ya ng'ambo ya mto? Akishasema yeye, umepona.

Muhuri akatoa simu. Aliwakumbuka watoto wa ng'ambo, sakafuni, madaftari magotini. Akaikumbuka pia sauti ya mwalimu mkuu wa sokoni, anayejua kulalamika mpaka asikike. Kidole kikasimama juu ya jina la mkuu wake wa ofisi.

Honi ikalia. Dereva mgeni akachungulia dirishani.

— Habari zenu wazee. Ofisini wamenielekeza huku; mwenye madawati yuko hapa? Nashusha wapi?

Bunge akatazama ndani ya kikombe. Mstaafu akakumbuka kufunga kamba za viatu.

Muhuri akairudisha simu mfukoni.

— Ng'ambo ya mto. Wa sokoni nitawaeleza mwenyewe.

— Nani kaamua? — akauliza dereva.

— Mimi.

Mama Kahawa akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Ikawa hivyo. Na kwa kuwa daraja la ng'ambo halihimili lori, madawati yalivushwa kwa mabega: la kwanza alilibeba Muhuri, kifua mbele, wala hakuona uchovu, na nyuma yake Bunge, akinung'unika njia nzima kwamba ule ni mtego.