Mbawa, Boti ya Miili Mitatu na Chumba cha Mama

Marehemu, ambaye karakana nzima ilimwita Mbawa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, kifungua mimba katika familia ya watoto wawili. Alizaliwa katika chumba cha mama yake, kilichoegemea karakana ya boti ya baba yake upande wa maji. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alizoea nyundo kabla hajazoea kunyonya. Ukitaka alie, zima mashine. Chumba hicho tukikumbuke, kwa maana tutakirudia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Tusimsifie bure: daftari lake la historia lilijaa boti, na mwalimu aliandika chini ya mchoro mmoja, “Inaelea, lakini si jibu.” Mwaka 1984 alihitimu chuo cha ufundi, akiwa mchoraji wa vyombo vya majini.

Alirudi karakanani akatengeneza boti za kawaida za abiria, huku moyo wake ukiwa kwingine. Alitaka kuunda boti za kifahari za miili mitatu: mmoja mwembamba katikati na miwili midogo ubavuni, imeshikwa na mikono mirefu kama mbawa. Alisema chombo cha namna hiyo hukata maji bila injini kubwa, hakiyumbi, na chai haimwagiki mezani. Paa lingekuwa la kioo, na umeme ungetoka juani. Mama alipoonyeshwa mchoro wa kwanza alivaa miwani.

“Mwanangu, hii si ngalawa?”

“Ni ngalawa, mama.”

“Basi hii imesoma.”

Lakini kizuri hakikosi ila. Boti yenye mbawa hula nafasi ya boti mbili gatini, na ukiizidishia mzigo inazama tumbo na kuwa nzito kama boti nyingine yoyote. Ndiyo maana Mbawa alichora mbawa zinazokunjwa. Mwaka 2009 tajiri mmoja akaja na pesa zake, akataka bwawa la kuogelea na sebule ya kioo juu ya mbawa. Bwawa Mbawa alilikataa. Sebule aliikubali, na mbawa zenye sebule hazikunjiki. Mafundi walijenga zaidi ya mwaka, wakiingia na kutoka katika mlango ule ule wa karakana kila siku, na hakuna aliyekumbuka kuupima. Chombo kilipokamilika kilimeremeta, kikapendeza, na hakikutoka.

Pa kubomoa palikuwa mahali pamoja tu, na hapo ndipo alipolala mama.

“Bomoeni,” alisema mama, akikunja shuka zake. “Mimi mlangoni napita. Chombo chako ndicho kimenenepa.”

“Nitakujengea kabla ya mvua, mama.”

“Haya, baba.”

Chombo kilishushwa majini tarehe 3 Oktoba 2010, kikapigwa picha na magazeti. Mama alihamia kwa binti yake, mdogo wa marehemu, anayesoma wasifu huu, akalala kwenye kitanda kilichozuia kabati lisifunguke. Kazi zikamiminika. Mvua ikaja, ikaenda, ikarudi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ukuta wangu haujambo?”

“Haujambo, mama. Mwezi ujao utasimama.”

Mama alicheka kila mara. Mwanawe hakucheka. Mama alifariki mwaka 2014, kwenye kitanda kile kile, na kuanzia siku hiyo kaka yangu hakuweza kusikia mtu akisema ahadi ni deni bila kuinama.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 22 Desemba 1990 na mshonaji wa maturubai, mwanamke mcheshi aliyemvumilia. Wakajaliwa mapacha wa kike. Baada ya msiba, Mbawa alianza kupima milango kila alikokwenda, mpaka mkewe akamnong'oneza, “Baba watoto, tumealikwa chakula, si ukaguzi.” Kila boti aliyoichora tangu hapo ilikuwa na chumba kimoja kidogo, dirisha usawa wa mto, mlango wa kupitisha kitanda. Matajiri walipouliza ni cha nani, alisema cha mgeni. Mkewe peke yake ndiye aliyeambiwa: “Nimewapa matajiri pa kulala juu ya maji, mama yangu nikamwacha bila ukuta.”

Mwaka 2022 mapafu yake, yaliyokula vumbi la fibaglasi miaka mingi, yalianza kuchoka. Daktari alimkataza karakana. Akaenda, na safari hii alikwenda na matofali. Aliweka moja, akakohoa, akakaa.

“Kaka,” mdogo wake alimuuliza, “mama hayupo. Unamjengea nani?”

“Ndiyo maana najenga polepole. Siku hizi hakuna anayenisubiri.”

Chumba alikimaliza Februari mwaka huu. Mlango aliufanya mpana kupita kiasi. Mafundi walipomtania, alisema harudii kosa. Lakini kulala humo alikataa katakata: mwenye chumba hakukiona, yeye akilalie kwa haki gani? Wiki ya mwisho, pumzi ilipombana, mkewe hakumwomba ruhusa. Alitandika shuka za mama, akamlaza humo. Hakubisha, alilia tu. Aliomba mashine upande wa pili zisizimwe. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, asubuhi, mafundi wakiwa kazini.

Ameacha mjane, mapacha wawili, wajukuu wanne, mdogo wake, na karakana ya watu ambao sasa hupima mlango kabla ya kushika msumeno.

Leo asubuhi wabebaji walisimama kwanza, wakautazama mlango ule kama tulivyozoea. Kisha jeneza likapita, wao wakiwa pande zote mbili, na hakuna bega lililogusa fremu.

Pumzika kwa amani, kaka. Mama, ukuta wako haujambo.