Krimu au Bluu

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na jioni hiyo Mzee Breki, dereva mstaafu, ndiye aliyekalia upande wa tofali. Magotini alishika vibao viwili alivyopewa na fundi rangi, kimoja krimu, kingine bluu. Binti yake anarudi nyumbani Jumamosi na mtoto mchanga, na chumba chake cha zamani hakijaguswa tangu mama yake afariki. Ukutani, juu ya kitanda, kuna doa la mafuta ya nywele. Hapo ndipo marehemu alipokuwa akiegemeza kichwa kila usiku, akimbembeleza binti yao. Kijiweni Breki alisema "doa" tu, basi.

— Krimu ndiyo rangi ya chumba, alisema Kinyozi akimimina kahawa. Inatuliza.

— Inatuliza nini? Fundi alimdaka. Doa la mafuta linatokeza kwenye krimu hata upige mikono mitatu ya rangi. Piga bluu, umemaliza kazi.

— Bluu inaleta mbu, Fundi.

— Nani kakudanganya?

— Shemeji yangu alipaka bluu, mbu wakahamia na ukoo mzima!

— Na jirani yangu alipaka krimu sebuleni. Wageni walikuja kusalimia tu, wakatulia, mpaka leo wanauliza kumepikwa nini.

— Sikiliza, Breki, Fundi aliendelea. Mtoto akikulia kwenye bluu anakuwa rubani.

— Wa krimu je? aliuliza Kinyozi.

— Karani. Angalia kuta za ofisi zote!

Breki alicheka nao, lakini macho yalibaki kwenye vibao. Alimwona mkewe, kilemba kimelegea, akiimba ule wimbo wake wa maneno mawili, na yeye katoka safari, kasimama mlangoni na viatu mkononi asije akawaamsha. Jamani, alitamani kusimama pale tena, hata usiku mmoja.

Mke wa Kinyozi akaja kuchukua ufunguo wa nyumba. Akasikiliza kidogo.

— Samahani, baba, alimwambia Breki. Kwani hilo doa lazima lifunikwe?

Kinyozi akamtazama Fundi. Fundi akachungulia birika, na kahawa ilikuwa imekwisha.

Breki akamrudishia Fundi kibao cha bluu.

— Kuta tatu, krimu.

— Na wa nne?

— Wa nne usiuguse. Binti yangu naye atahitaji mahali pa kuegemeza kichwa.