Mwalimu Kwa Hiyo Anaweka Chini Kalamu Nyekundu

Shule hii ina nguzo mbili, na moja inastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Nyingine ni mimi, mpiga chapa wa mitihani, ambaye nisipowasha mashine hakuna mtoto anayefaulu wala kufeli hapa. Hata mkaguzi mkuu alipokuja aliniulizia mimi kwanza, ndipo akakumbuka kuwa kuna mkuu wa shule. Ndiyo maana nimepewa heshima ya kuandika kumhusu mwalimu wetu wa jiografia, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba kilekile chenye dirisha lisilofunga.

Ameongoza idara, amejenga kituo cha hali ya hewa kwa makopo ya rangi, na amelinda kabati la ramani kuliko watu wanavyolinda dhahabu. Lakini wote tunamjua kwa maneno mawili yaliyompa jina: Kwa Hiyo.

Kila mtihani una swali la uamuzi. Unapewa ramani, takwimu na maeneo matatu; chagua moja, ulitetee. Hapo ndipo vichwa vyetu vitupu hulia kama madebe. Mtoto anaandika kwamba amechagua eneo fulani kwa sababu liko karibu na mto, kisha anakunja mikono kama aliyemaliza kujenga mji. Mwalimu anamwandikia pembeni: "Kwa hiyo? Wakaoge?" Mwingine anasema eneo lake ni tambarare. "Kwa hiyo? Tucheze mpira?" Na yule aliyenakili jedwali zima la takwimu aliandikiwa: "Hizi namba nilikupa mimi. Asante kwa kunirudishia."

Wapo walimu, nao wanajijua, waliowakaririsha watoto faida tano bila kujali swali limeuliza nini. Ni sawa na fundi anayekuja kazini na misumari mitano bila mbao. Mwalimu wetu alitaka sababu, ushahidi wake kwenye ramani, na nani atanufaika. Kisha ukiri ubaya wa ulichochagua, na useme kwa nini hayo mengine umeyakataa.

Mwaka jana binti wa dada yangu aliangushwa na swali hilohilo. Akaruhusiwa kurudia mara moja tu. Akianguka tena, chuo cha upimaji ardhi basi, anabaki dukani kwa baba yake kupima sukari. Nikaona niingilie. Shule niliiachia kidato cha pili, maana walikuwa hawana jipya la kunifundisha. Swali la mazoezi liliuliza dampo la mji lijengwe wapi. Nikamwamuru achague eneo la tatu, na sababu nikampa: halimsumbui mtu.

Mwalimu alisoma mstari mmoja tu.

"Hii akili ya nani?"

"Ya mjomba."

"Upepo unatoka kusini, na hospitali iko kaskazini ya dampo lake. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wagonjwa watavuta moshi, Mwalimu."

"Mwambie Mjomba ashughulike na wino. Wewe kaa, tuanze upya."

Nilimfuata ofisini na ramani mkononi, nikabisha mbele ya walimu wote kwamba ramani hiyo haionyeshi kaskazini popote, mpaka chai ikapoa. Akaitazama ramani, akanitazama mimi, akacheka hadi miwani ikamtoka.

Muhula mzima alibaki na binti baada ya masomo. Binti akachagua eneo la kwanza, akaeleza kuwa udongo wake wa mfinyanzi hautapitisha maji machafu mpaka visimani. Akakiri malori yatakwenda mbali zaidi, akasema afadhali kuchoma mafuta kuliko kunywa sumu. Kwenye mtihani wenyewe likaja swali la mahali pa kujenga stendi ya mabasi, wala hakubabaika. Amefaulu. Chuo anaanza mwezi ujao. Baba yake atafute mpima sukari mwingine.

Mwalimu, wafanyakazi wote tunakushukuru. Nenda kapumzishe macho, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi, zenye afya na zisizo na karatasi za kusahihisha.

Kuhusu ule ubishi wa ofisini, naeleza mwenyewe kabla walimu hawajausimulia kwa chumvi. Ule mshale wenye herufi K kwenye kila ramani ninayochapa, kumbe unaonyesha kaskazini. Mimi nilijua K ni ya karatasi, na mshale ni wa kuonyesha upande wa kuiingizia mashineni.