Mitungi Kumi na Mmoja ya Mwalimu Selpher Nakhumicha

Mwalimu Selpher Nakhumicha anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Novemba 2009, baada ya kukitumikia Chuo cha Jamii cha Mukinduri, hapa Kabiria, kwa miaka ishirini na miwili na miezi miwili. Rasimu ya wasifu huu iliyopitishwa na Kamati ya Chuo iliutaja mwaka 2006 kwa sentensi moja tu, kwamba kulitokea "changamoto ndogo". Mwandishi wa maneno haya, ambaye ni mtunza ghala wa chuo na ndiye aliyetumwa kuipeleka rasimu hiyo kwa wapiga chapa wa River Road, ameifuta sentensi hiyo na kuweka ukweli mahali pake.

Mwalimu Selpher aliajiriwa mwaka 1987 kufundisha kilimo cha bustani. Alikabidhiwa kipande cha mawe nyuma ya jikoni na majembe mawili, moja halina mpini. Miaka mitatu baadaye jiko la chuo halikununua tena mboga. Mwaka 1998 alitumia likizo yake kwenda Dodoma, akarudi na vipandikizi arobaini vya mizabibu ndani ya gunia bichi alilolipakata safari nzima. Ishirini na sita vilishika, na bado vinazaa.

Mwaka 2002 alianzisha darasa la kutengeneza mvinyo kwa zabibu hizo, karakara na matunda damu, yale mekundu yenye umbo la yai. Alikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa: kila mwanafunzi alikuwa na mtungi wake wa kioo, wenye jina lake, na aliutunza mwenyewe hadi siku ya mtihani. Mvinyo unapochacha hutoa mapovu, na mitungi ikiwa mingi chumba kizima hunong'ona. Mfagiaji wetu mpya, Bi. Awuor, alitoka mbio asubuhi moja akisema, "Mwalimu, kuna watu wanaongea huko ndani." Mwalimu akamjibu, "Waache waongee, mama. Wakinyamaza kabla ya wakati, hapo ndipo uniite."

Walinyamaza kabla ya wakati mwezi Novemba 2006. Watahini walitarajiwa Jumanne. Jumapili iliyotangulia, viongozi wa kanisa linalofadhili chuo walikuwa wanakuja kuzuru, na Kamati iliingiwa na hofu kwamba wangekuta pombe katika uwanja wa kanisa. Mwalimu Selpher alikuwa Kimilili, akimzika shangazi yake. Siku ya Ijumaa, Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Kiragu, aliamuru mvinyo wa wanafunzi wote kumi na mmoja uchemshwe jikoni katika sufuria za ugali, ili uondoke ulevi, kisha urudishwe mitungini.

Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa kwa mtunza ghala. Ni mimi niliyeutoa. Niliamrishwa, lakini ni mimi.

Jumatatu Mwalimu aliporejea, hakufungua mlango. Aliweka sikio kwenye mbao, kisha akaniuliza, "Musembi, mmewafanya nini?" Mwenyekiti alipoitwa alisema, "Tumeuchemsha tu, Mwalimu. Hata maziwa si huchemshwa?" Watahini walionja maji ya kahawia yenye harufu ya mwiko. Wanafunzi wote kumi na mmoja walifelishwa, wakakosa cheti cha kilimo cha bustani, na ripoti ikaandika sababu kwa maneno matatu: uzembe wa mkufunzi.

Kamati iliisoma ripoti hiyo na kunyamaza. Barua moja yenye maelezo ya kweli ingewarudisha wanafunzi mbele ya watahini. Mwalimu aliiomba kwa maandishi mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa, "Hayo yamepita, mama, tusichafue jina la chuo." Jina lake yeye lilikuwa limekwisha kuchafuliwa, na limebaki hivyo katika faili lake miaka mitatu. Wanjira, aliyekuwa bora kuliko wote katika darasa lile, anauza miche kando ya barabara kule Kinoo, kwa sababu kila shamba la maua alikoomba kazi liliuliza cheti. Ndiye anayewafundisha jirani zake kupogoa, bila malipo na bila cheti.

Kamati imemwandalia Mwalimu keki, saa ya ukutani na hotuba. Mwandishi anaieleza Kamati, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba Mwalimu hakuomba saa.

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, ambacho sasa kimo mikononi mwa wageni mia mbili, una barua kwa watahini. Inaeleza nani aliamuru, nani alifungua mlango na nani hakuwapo, na inaomba wanafunzi kumi na mmoja, waliotajwa kwa majina, watahiniwe upya. Sahihi ya mtunza ghala imekwisha kuwekwa. Mstari wa chini yake umeachwa wazi kwa ajili ya Bwana Mwenyekiti, na kalamu iko juu ya meza kuu, karibu na keki. Keki haitakatwa kabla ya sahihi hiyo.

Mwalimu Selpher, asante kwa mawe uliyoyageuza bustani. Nisamehe ufunguo. Tunakuombea uzee wenye afya, mizabibu mlangoni pako, na chumba ambacho hakuna atakayekinyamazisha.